Sakafu ya Tela la Shemeji Yako

Jumatatu, 3 Machi

Dada yangu mpenzi,

Salamu kwanza. Hujambo? Goti linaendeleaje tangu walipolipasua? Linakunjika sasa, au bado unalivuta kama gunia? Usinidanganye kwa sababu niko mbali. Nakujua, hata ukiwa na homa ya kutetemeka unasema "nimechoka tu". Sisi huku wazima kwa rehema za Mungu, na hilo nalisema mapema kabisa kwa kuwa umenikataza kulirudia. Ulisema: "Usiniletee tena barua ya sisi wazima, hofu ni kwenu. Nimelala hapa nahesabu misumari ya dari. Niandikie kila siku, hata kama kilichotokea ni mvua tu." Haya, nimenunua daftari. Mvua zikiisha nitampa mtu akuletee.

Leo kilichotokea ni mvua tu. Ya kwanza, ya saa nane mchana, ya kishindo.

Tela la shemeji yako unalikumbuka? Lile sanduku jeupe la bati linalokokotwa na gari letu, linaloingia gari zima ndani, mlango wa nyuma ukishushwa unakuwa ngazi bapa ya kupandishia gari. Mwaka wa nne sasa ndilo linalotulisha. Mteja mkubwa bado ni Mwalimu, yule mstaafu mwenye gari jeupe la kizamani la maharusi. Hataki magurudumu yake yaguse tope, kwa hiyo shemeji yako hulibeba hadi mlangoni pa sherehe, likashuka linang'aa kama sahani ya wageni.

Na humo ndani ya tela, mwenye nyumba ni mimi. Kila asubuhi nikitoka kusafisha nyumba ya ibada, napitia tela na ndoo yangu. Nalipiga deki mpaka maua ya lile kapeti la plastiki yanacheka. Ndilo lile lile kapeti ambalo kipande kilichobaki nilikutandikia chumbani kwako juu ya zile mbao. Natumaini nawe unalitunza.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Nguo nimezianua mara tatu, na bado hazijakauka.

Jumamosi, 8 Machi

Dada, Mungu ni mkubwa.

Asubuhi tulikwenda kwa Mwalimu kulichukua gari. Mimi hufuatana na shemeji yako siku za harusi ili nifute magurudumu kabla halijapanda. Mwalimu haruhusu mtu mwingine kuliendesha gari lile, hata kwa hatua kumi. Yeye hukaa kwenye usukani, shemeji yako husimama ndani ya tela, ubavuni, akimwita: "Njoo, njoo, kulia kidogo, njoo, basi." Leo alifika kwenye "njoo" ya mwisho. Nikasikia kitu kimekatika, kama mtu mnene amekaa kwenye kiti kibovu. Gurudumu la nyuma la kushoto likazama sakafuni mpaka katikati. Gari zima likalala upande wa kushoto. Na kushoto ndiko alikosimama mume wangu.

Sikupiga kelele. Nilichosikia ni yeye, kwa upole kabisa, kama anaomba chumvi: "Mwalimu, zima."

Gari lilikuwa limembana ukutani, Dada. Kioo cha pembeni kilikuwa kifuani pake. Angekuwa mnene kama yule kaka yetu wa pili, leo ningekuandikia mambo mengine. Tulichana shati, akatoka kwa ubavu kama karatasi inavyotolewa chini ya mlango. Hana hata mchubuko. Alisimama nje ameshika mlango wa tela, mikono yake yote miwili inatetemeka, naye anaiangalia kama ya mtu mwingine.

Walikuja vijana wa gereji na jeki mbili, wakalitoa gari taratibu. Mwalimu hakufoka. Alifuta miwani, akasema: "Mjukuu wangu anaolewa tarehe tatu Mei. Bibi yake alipanda gari hili siku niliyomwoa, na yeye atalipanda. Nataka wewe ndiye ulilete, na nataka lifike kavu. Lakini silipandishi tena hapo mpaka nijue ninachokanyaga. Tarehe ishirini na sita Aprili nitakuja mwenyewe kutazama. Nisiporidhika, kazi zote nitampa mtu mwingine. Sitakuwa nimekuchukia."

Afadhali angefoka.

Jumatatu, 10 Machi

Shemeji yako anasema anauza. Amesema mara moja tu, wakati wa chai, halafu akatafuna mkate muda mrefu sana.

Habari haikai ndani siku hizi. Saa nne jirani mfuga kuku alikuwa tayari uani, analipima tela kwa macho. "Nikilitoboa madirisha," anasema, "vifaranga mia tatu wanaenea bila kukanyagana." Nikamwambia kuku wake wakalale kwake. Shemeji yako hakucheka wala hakumfukuza, na hilo ndilo lililonitisha.

Nami nikuungamie, maana nimekaa na hasira mbaya: namlaumu wifi. Sakafu ile aliiweka yeye, miaka minne iliyopita. Unamkumbuka wifi yangu Futi, mdogo wake shemeji yako, yule seremala? Bado anatembea na futi ya kupimia kiunoni kama wengine tunavyotembea na funguo. Maneno yake ni machache mpaka unadhani anayalipia. Siku zote nimemwona mwenye maringo. Leo nimejisemea: maringo yote hayo, na mbao zake zimetaka kuniua mume.

Jumatano, 12 Machi

Wifi Futi amekuja. Hakukaa, hakunywa chai. Alilifunua lile kapeti la maua kutoka kona hadi kona, akachukua msumari mrefu na kuanza kudunga mbao, hatua kwa hatua, kama daktari anayeuliza hapa panauma, hapa je. Katikati msumari uligoma. Pembeni ulizama kama kwenye andazi. Alimega kipande, akakinusa. Akainua macho akaniangalia. Kisha akakinusa tena.

"Maji," alisema.

Shemeji yako alikuwa amesimama nje, mlangoni. "Maji ya wapi?"

"Mvua."

"Paa halivuji."

"Basi ilipita pembeni, kaka."

"Pembeni wapi? Nionyeshe."

Wifi akaviringisha futi yake. "Mbao zimekwisha. Tutafute nyingine kwanza."

Nikasema moyoni: anajikwepesha huyu. Fundi mzima, anasingizia mvua.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua kubwa. Shemeji yako amesimama mlangoni pa tela na tochi, anamulika dari. Ndani haingii. Karibu saa nzima. Amerudi amelowa: "Halivuji."

Jumapili, 16 Machi

Baada ya ibada tulikula pamoja, wifi naye akaja. Maneno ya mezani yalikuwa sakafu tu.

Shemeji yako anataka bati nene lenye vinundu, kama lile la ngazi za basi. "Chuma ni chuma. Naweka mara moja, nakufa naliacha."

"Utakufa mapema," alisema wifi, "kwa kulisukuma gari lako mlimani. Sasa hivi tu linahema. Ukilitandika chuma tela zima, litakaa chini na kulia. Na bati likilowa linateleza, na kutu inaanzia chini ambako huoni. Na kwa bei yake naweza kukuwekea sakafu tatu."

"Basi mbao ngumu."

"Zile za kweli hazishikiki bei. Za bei yako ni mbichi, zitajikunja kabla ya harusi."

Mimi nikasema polepole kwamba hata tukiweka nini, juu yake turudishe kapeti lenye maua, linafutika vizuri. Wifi aliangalia sahani yake. "Wifi yangu," alisema, "kapeti hilo ulilichagua wewe, eeh?"

"Mimi. Kwani halikuwa zuri?"

"Lilikuwa zuri sana."

Basi hapo palikuwa na utani, nami sikuuelewa.

Jumanne, 18 Machi

Leo nimeona kitu ambacho sijawahi kuona fundi akifanya, na mimi mafundi nimewaona. Mafundi wetu wengi ukiwauliza kipi kizuri, watakwambia kile walichobakiwa nacho nyumbani. Huyu amekuja na vipande kumi, kila kimoja ukubwa wa sinia: plaiwudi ya kawaida ikiwa tupu, plaiwudi hiyo hiyo imefunikwa kapeti la plastiki, ubao mgumu, bati lenye vinundu, na ile plaiwudi nyeusi ambayo mafundi wa zege humwagia nguzo zao, hii ameipaka rangi ya mafuta kwenye ukingo. Vitano na vitano. Vitano ameviweka uani juu ya matofali, mvua iwapige. Vitano ameviweka stoo, pakavu, "kwa ajili ya kulinganisha".

Kabla ya hapo alimwambia kaka yake avipitie vyote na gari. Akaviburutia jeki. Akapanda kwenye kiti akaviangushia spana ya magurudumu, kila kimoja mara tatu, kutoka usawa ule ule aliopima kwa futi. Hakukosea hata kidole. Nilijikuta nimesimama na ufagio mkononi kama niko sherehe.

"Mimi nakwenda kwenye kazi ya madawati, wiki mbili na nusu," alisema. "Msivisogeze."

Hakusema tusivioshe.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua usiku kucha. Shemeji yako na tochi. "Halivuji."

Jumatatu, 24 Machi

Vile vipande vya stoo vina vumbi mpaka aibu. Nimevipitishia ndoo. Nitakuwa navipitishia kila asubuhi, kwa kuwa mkono umeshazoea.

Jumamosi, 29 Machi

Mfuga kuku amekuja na fundi wa madirisha. Nimewakuta wanachora duara kwa chaki kwenye ubavu wa tela. Shemeji yako amekaa kwenye ngazi ya nyumba anawatazama tu. Nililifuta duara kwa kitambaa mbele yao. "Mama," alisema mume wangu baada ya wao kuondoka, "mimi nikikaribia mlango ule kifua kinabana. Nikiuza nitalala."

"Sakafu mpya inakuja."

"Hata ya zamani ilikuwa mpya. Nambie ilikatika kwa nini."

Nilimwombea.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua na upepo. Amepanda juu ya paa na kopo la lami, anaziba tundu ambalo halipo. Nimeshika ngazi nikisali asiteleze. Mara ya saba hiyo kupanda.

Jumapili, 6 Aprili

Dada, kaa vizuri.

Wifi amerudi jana, leo akavikusanya vipande. Vya uani kwanza. Ubao mgumu umejipinda kama ulimi. Bati halina neno, ila chini kutu imeanza kuchora ramani. Plaiwudi tupu imevimba kidogo. Ile ya kapeti imevimba, lakini si sana: kapeti limebanduka kwenye ukingo, jua na upepo vinapita. Ile nyeusi ya zege, ukiifuta tope, hujui kama ilinyeshewa.

Kisha stoo. Pakavu, Dada. Hapavuji, hapaingii hata ukungu. Ile ya kapeti ya stoo ilikuwa imeharibika kuliko zote, hata kuliko mwenzake aliyelala mvuani siku kumi na tisa. Wifi alilifunua kapeti. Plaiwudi chini yake imeachana kurasa kurasa kama kitabu kilichoangukia karai, nyeusi, inanuka. Na inanuka nini? Inanuka sabuni yangu. Ile ya unga, yenye harufu ya ndimu.

Wifi alinusa. Akaniangalia vile vile kama alivyoniangalia ile Jumatano. Nami safari hii nikaona alichokuwa anakiona.

Shemeji yako akauliza kutoka mlangoni, "Hiyo nayo imepatwa na nini humo ndani? Panya?"

"Unyevu wa sakafu," alisema wifi, haraka, akakigeuza kipande kikatazama ukuta.

Ndoo moja kila siku, Dada. Siku za harusi mbili. Miaka minne. Maji yanaingia pembeni mwa kapeti, yanakaa chini yake, hayana pa kutokea. Sio mvua, wala sio mbao za wifi. Ni mimi niliyemwozeshea mume wangu sakafu chini ya miguu, nikiimba nyimbo za ibada.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimeshindwa kusali vizuri. Nafungua mdomo, naona ndoo.

Jumatano, 9 Aprili

Nimekwenda kwa wifi, kazini kwake. Ni banda refu lenye mwanga wa juu, mbao zimepangwa kwa unene kama vitabu, hakuna msumari hata mmoja sakafuni. Mimi nafagia kwa riziki, najua sakafu ya mtu mvivu. Ile si ya mtu mvivu. Alikuwa anapiga randa, maganda yanatoka membamba, ungeweza kusoma barua kupitia kwayo.

"Ulijua tangu lini?" nilimuuliza, bila hata salamu.

Hakuacha kupiga randa. "Tangu siku ile ya kwanza. Ubao ulikuwa unanukia kuliko nguo zangu za sikukuu."

"Na vipande vya stoo? Ulijua nitaviosha?"

"Wifi, kuna kitu nyumbani kwako ambacho hukioshi? Mimi nikikaa sana kwako nahofia zamu yangu itafika."

Nilicheka na machozi yakanitoka pamoja. "Kwa nini hukusema? Nimekulaumu mwezi mzima. Nimekusema vibaya kwa dada yangu, kwa maandishi."

Akaiweka randa chini. "Ningesema nini? Kaka alikuwa amesimama mlangoni, anaogopa kuingia. Ningempa mtu wa kumkasirikia, angekukasirikia. Halafu mbao zingerudi? Mimi ni fundi, kulaumiwa ni sehemu ya kazi. Wewe unalala naye nyumba moja." Akavuta futi, akapima kitu ambacho nadhani hakikuhitaji kupimwa. "Na kosa ni langu pia. Ulipotaka kapeti, nilipaswa kukwambia maji yaishie wapi. Nilinyamaza kwa sababu wewe ni mke wa kaka, sikutaka uniite mjuaji."

Dada, niliishi miaka ishirini na mbili na mtu huyu nikiita heshima yake maringo.

Jumamosi, 12 Aprili

Plaiwudi nyeusi imeshinda. Lakini mpya ni ghali, kwa hiyo nilidhani tutaishia kukopa. Wifi amenipeleka kwenye jengo linalojengwa, ghorofa ya tatu imekwisha kumwagwa, na zile mbao zilizoshikilia zege zimerundikwa kando zinauzwa nusu ya bei. Nikamwambia, "Wifi, si zimechakaa?" Akasema, "Zimelala na zege bichi mwezi mzima zikabeba ghorofa. Gari la harusi litazishinda kwa lipi?"

Zilikuwa thelathini na kitu. Alizichukua moja moja, akizigonga kwa kifundo cha kidole, sikio karibu. Inayolia kavu, anaweka kulia. Inayolia kama ngoma iliyolowa, kushoto. Mwenye mali alianza kumcheka, "Mama anapima matikiti." Alipofika ya ishirini yule bwana alikuwa kimya, na mwishowe akamuuliza kama anatafuta kazi. Tulirudi na sita.

Alhamisi, 17 Aprili

Siku nne za kazi, na leo mvua imetupumzisha. Naandika alivyofanya ili ujue.

Kila ukingo uliokatwa ameupaka rangi ya mafuta mara tatu, na kila tundu la bolti pia, ndani kabisa, kwa kijiti kilichofungwa pamba. "Uso wa plaiwudi hii haunywi," ananifundisha, "inanywea ubavuni." Hakutumia misumari. Bolti, mpaka kwenye vyuma vya chini, na fundi wa kuchomelea ameongeza vyuma viwili vya kukingama. Pembeni zote ameacha uwazi wa kidole, maji yakiingia yatoke. Lile bati lenye vinundu alilolitamani shemeji yako amelinunua kidogo tu, njia mbili nyembamba pale magurudumu yanapopita. Kati yake ni mikeka ya mpira ambayo haikubandikwa: unaitoa, unaikung'uta, unaianika. Kapeti hakuna.

Nami nimepaka rangi ukingo mmoja. Aliukagua kwa kidole. "Rudia hapa," alisema. Nilirudia, nikafurahi kama mtoto aliyetumwa dukani.

Jumamosi, 19 Aprili

Sakafu imekwisha. Nyeusi, imetulia, inapendeza kwa namna ya kitu kisichohitaji kupendeza. Wifi aliruka juu yake kwa miguu miwili, ikajibu sauti moja, nzito.

Shemeji yako aliitazama kutoka mlangoni. "Nzuri," alisema. Hakuingia. Mvua ikaanza, akaenda kuchukua tochi.

Hapo ndipo nilipoelewa. Hatuwezi kumwekea mtu huyu sakafu ikamtosha. Bado anatafuta tundu.

Jumapili, 20 Aprili

Nimemwambia.

Nilirudi ibadani nikamkuta ameketi kwenye ngazi ya nyumba, tochi pembeni. Nikaenda nikaichukua ndoo, nikaiweka miguuni pake. Akaniangalia.

"Ndilo tundu lako," nilisema. "Sio paa. Ni mimi. Kila siku nilimwaga maji, yakaingia chini ya kapeti, yakakaa. Wifi alijua akanifichia. Nisamehe."

Nilisikia maji yanavyodondoka kwenye ukingo wa bati. Kisha akauliza, "Ndoo ngapi?"

"Moja. Siku za harusi mbili."

"Miaka minne."

"Miaka minne."

Aliinamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Dada, alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika ubavu. "Mimi nimepanda juu ya paa mara saba na kopo la lami," alisema, "kumbe tundu limefunga kitambaa kichwani, linanishikia ngazi!"

Nilikaa karibu naye. Alipomaliza kucheka alifuta macho, akasema kitu ambacho nimekiandika hapa kama alivyokisema: "Nilidhani kuna vitu vinakatika tu. Umesimama, unafanya kazi yako, umeangalia kila kitu, na kinakatika bila sababu. Mtu ataingiaje tena ndani ya kitu cha hivyo? Kumbe kulikuwa na sababu. Sababu naiweza."

Hakunikaripia. Aliniomba chai.

Jumatatu, 21 Aprili

Nimemweleza wifi. Akasema, "Umenishinda. Mimi nilimpa sakafu, nikamwachia hofu." Sijawahi kusifiwa vile na mtu yeyote, na hakuwa anasifu.

Jumanne, 22 Aprili

Ameingia. Amekaa chini katikati ya tela, amekunywa kikombe chote cha chai.

Jumamosi, 26 Aprili

Mwalimu amekuja saa tatu kamili, na mwavuli na soksi za akiba. Sikuelewa soksi ni za nini mpaka alipovua viatu. Alitembea ndani kwa soksi, taratibu, kona hadi kona, kama anasahihisha mitihani. Akakanyaga kwa kisigino. Akaruka kidogo, umri wake ule. Kisha akaomba kikombe cha maji.

Tulidhani ana kiu. Akayamwaga sakafuni.

Mume wangu na wifi waligeuka wakaniangalia mimi. Maji yakatembea, yakafika kwenye ule uwazi wa kidole, yakatoweka, na chini ya tela tukayasikia yanadondoka ardhini. Mwalimu alipitisha kiganja, akakiangalia. "Nani alifanya hii?"

"Mdogo wangu," alisema shemeji yako, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu Machi. "Na mke wangu alisaidia kupata ugonjwa ulikotoka."

"Wifi," alininong'oneza Futi, "umeona mwenzio amemwaga kikombe kimoja tu?"

Mwalimu akavaa soksi zake kavu, akaingia kwenye gari lake. "Nani ataniita?"

Shemeji yako alipanda ngazi ya tela, akapita njia ya bati, akaenda kusimama pale pale, ubavu wa kushoto, mgongo ukutani. Niliona kifua chake kinapanda na kushuka. Nilisali kwa maneno mawili, sikuwa na nafasi ya zaidi.

"Njoo," alisema. "Njoo. Kulia kidogo. Njoo."

Magurudumu ya nyuma yakapanda. Sakafu haikusema kitu.

"Njoo. Basi."

Mwalimu alizima gari. Kimya kile, Dada, kilikuwa kitamu. Shemeji yako akapiga magoti akaanza kufunga mikanda, mkono umetulia kabisa. Wifi aligeuka akatazama mtaani, eti ana vumbi machoni. Kuna vumbi gani msimu huu wa mvua?

Jumamosi, 3 Mei

Mvua ya mwisho, nadhani, na yote leo. Barabara ilikuwa uji. Tulifika, mlango ukashushwa, gari likatoka jeupe na kavu mpaka tairi. Mjukuu alipanda. Mwalimu alimfungulia mlango mwenyewe, kisha akakaa kidogo mkono ukiwa juu ya paa la gari, akiongea nalo au na mtu asiyekuwepo. Sikusogea karibu.

Niliporudi kwenye tela kulikuwa na alama mbili za matope ya viatu vya shemeji yako. Nimezifuta kwa kitambaa kikavu. Ndoo siku hizi ni ya nyumba ya ibada tu, ile ina sakafu ya saruji.

Jumatatu, 5 Mei

Jua. Mfuga kuku ameniuliza kama wifi anaweza kumjengea banda. Nimemwambia apange foleni, tangu harusi ile watu wawili wenye matela wameshamjia.

Daftari linafika ukingoni, nami nalifunga. Ukisoma ukurasa wa tarehe kumi Machi, yale niliyomsema wifi, yapite. Nilitaka kuuchana, kisha nikaona uyaone yote.

Sasa, Dada, jambo moja kabla sijasahau, na hili ndilo lililonifanya niharakishe kulituma. Lile kapeti la maua niliyekutandikia ni mimi, na niliyekufundisha kulipiga deki kila asubuhi ni mimi. Chini yake ni mbao, na wewe uko ghorofani, na sasa unatembea na mkongojo. Leo usilikanyage pembeni. Mwite mtu alifunue, achukue msumari adunge kwenye kona, kisha anuse. Likinuka ndimu, wifi amesema atapanda gari la kwanza, futi ameshaivaa.

Tafadhali nijibu upesi, uniambie chini kukoje, na goti likoje.

Mdogo wako.